Variansi ya data iliyochujwa
variansi nm [i-/zi-] (takwimu) kipimo cha mtawanyiko. Wastani wa miraba ya tofauti kati ya kila thamani na wastani wa thamani zote.

Matumizi. Jikoni, kuchuja ni kutenganisha: tui hubaki chomboni, machicha yakawekwa kando. Katika lahajedwali, kuchuja ni kuficha tu. Machicha yangalimo, na fomula ya kawaida huyahesabu.

Mfano (wa kubuni). Samaki wamepimwa pwani ya Mkwaja, wilayani Pangani. Seli A1 na B1 zina vichwa “Aina” na “Kilo”. Chini yake mna pweza wa kilo 4, 6 na 8, na nguru wa kilo 30 na 52. Ukichuja ili wabaki pweza, kisha ukaandika =VAR.S(B2:B6), utapata 430, kwani nguru waliofichwa nao wamehesabiwa. Fomula =SUBTOTAL(10,B2:B6) hutoa 4, ambalo ndilo jibu la pweza. Unaweza pia kutochuja kabisa: andika “Aina” katika D1 na “Pweza” katika D2, kisha =DVAR(A1:B6,"Kilo",D1:D2). Jibu ni 4.

Tanbihi. DVAR huichukulia data kuwa sampuli, hivyo hugawa kwa idadi pungufu ya moja. Ikiwa pweza hao ndio wote, tumia DVARP; jibu ni 2.67. Kwa hiyo usiandike “variansi ni 4” na kuishia hapo: taja ni ya kundi gani, na kama kundi hilo ni sampuli.