Safu ya Lugha: Atemi
Atemi ni neno la Kijapani: ate, kugonga, mi, mwili. Katika Aikido, sanaa iliyoasisiwa na Morihei Ueshiba (1883–1969), ni pigo la anayejihami, na si sahihi kuliita “ngumi”. Ngumi ni kiganja kilichofumbwa. Atemi yaweza kuwa kiwiko, ukingo wa kiganja, hata pigo lisilofika, mradi mshambuliaji ashtuke, ayumbe, na mkono wake ukamatike. Uchi na tsuki, nayo maneno ya Kijapani ya mapigo, ni mambo mengine: uchi hushuka au huzunguka, tsuki huchoma mbele, na mazoezini kwa kawaida hutoka kwa mshambuliaji. Gozo Shioda, mwanafunzi wa Ueshiba, aliitilia atemi mkazo mkubwa. Wanaoiona pambo wamekosea: mtaani, mtu asiyeshtuliwa hakunjwi kifundo cha mkono kirahisi.