Kwa nini Salmonela hasikii dawa? Jibu liko kwenye jeni

Chukua mfano huu. Mtoto mwenye homa kali anafikishwa Hospitali ya Tosamaganga, nje kidogo ya mji wa Iringa. Kipimo cha malaria kinaonesha hana, lakini homa haishuki. Daktari anashuku bakteria wameingia kwenye damu, na mmoja wa wanaoshukiwa ni Salmonela.

Majibu ya kuotesha damu huchukua siku mbili, tatu au zaidi. Dawa lazima ianze leo. Sasa ianze ipi?

Salmonela ni nani?

Ni jamii ya bakteria wanaoingia mwilini kwa maji au chakula kilichochafuliwa. Aina ya Typhi huleta homa ya matumbo, yaani taifodi. Aina nyingine, kama Typhimurium, kwa watu wengi huishia kwenye kuharisha tu. Ila kwa watoto wenye malaria, utapiamlo au selimundu, na kwa wanaoishi na VVU, anaweza kuvuka utumbo na kuingia kwenye damu. Akifika huko, dawa isiyofaa inaweza kugharimu maisha.

Si mwili uliozoea dawa

Mtaani husemwa "mwili umezoea dawa". Si kweli. Anayebadilika ni bakteria, na mabadiliko hayo yamo kwenye vinasaba vyake. Mbinu zake kubwa ni hizi:

- Kuvunja dawa. Jeni ya blaTEM-1 hutengeneza kimeng'enya kinachoikata ampisilini kabla haijafanya kazi.
- Kuiharibu dawa. Jeni ya catA1 huibadilisha kloramfenikoli kikemia, ikakosa nguvu.
- Kuikwepa. Kotrimoksazoli (Septrin) huziba njia ambayo bakteria hutumia kujitengenezea foleti. Jeni za sul1, sul2 na dfrA1 humpa vimeng'enya vya akiba ambavyo dawa haivishiki.
- Kubadili shabaha. Badiliko la herufi moja tu kwenye jeni ya gyrA hupunguza nguvu ya siprofloksasini.

Mzigo mmoja, jeni nyingi

Mara nyingi jeni hizi husafiri pamoja kwenye plasmidi, kipande cha DNA chenye umbo la pete ambacho bakteria mmoja anaweza kumpa mwenzake, hata wa aina tofauti. Bakteria wa kawaida wa utumboni anaweza kumgawia Salmonela.

Hapo ndipo tatizo linapokua. Anayekunywa Septrin bila sababu anaweza kuwalea bakteria wanaokataa pia ampisilini na kloramfenikoli, kwa sababu jeni zote ziko kwenye mzigo mmoja.

Mfano uko jirani. Malawi, inayopakana na Mkoa wa Mbeya, Salmonela Typhimurium wa kundi la ST313 amesumbua sana watoto hospitalini. Bakteria aliyepatikana kwenye damu ya mtoto mjini Blantyre mwaka 2004 alisomwa vinasaba vyake vyote, na matokeo yakachapishwa 2009. Jeni za kukataa ampisilini, kloramfenikoli na kotrimoksazoli zilikutwa zimekaa pamoja kwenye plasmidi moja.

Kwa taifodi, utafiti wa 2015 ulilinganisha sampuli 1,832 kutoka nchi 63. Ulionesha ukoo uitwao H58 umesambaa kutoka Asia hadi Afrika Mashariki. Baadhi yao wamezihamishia jeni za usugu kwenye kromosomu yenyewe, hivyo kila anayezaliwa anazirithi.

Seftriaksoni nayo?

Dawa za zamani zilipoanza kushindwa, hospitali nyingi ziligeukia sindano ya seftriaksoni. Nayo ina adui: jeni ya blaCTX-M-15, ambayo tayari imeonekana kwa Salmonela wa wagonjwa nchini Kenya.

Nini kifanyike?

- Inapowezekana, damu ichukuliwe kwa ajili ya kuotesha kabla ya dozi ya kwanza. Majibu yakitoka, dawa ibadilishwe ikibidi.
- Kipimo cha Widal hakioneshi dawa ipi itafanya kazi, na peke yake hakitoshi kuthibitisha taifodi.
- Usinunue antibayotiki kwa kubahatisha wala kugawana vidonge vilivyobaki. Fuata dozi kama ulivyoelekezwa.
- Chemsha maji ya kunywa, tumia choo bora, nawa mikono kwa sabuni. Ugonjwa usioupata hauhitaji dawa.

Tanzania ilizindua mwaka 2017 mpango wa taifa wa kupambana na usugu wa vimelea dhidi ya dawa, UVIDA. Lakini kwa yule mtoto mwenye homa, mapambano ni ya leo. Daktari anaanza na dawa anayoiamini, na chupa ya damu iliyopelekwa maabara ndiyo itakayomwambia kama alipatia au abadilishe.