Tunguu: kituo cha anga kilichotimuliwa Zanzibar

Kila Aprili tunasherehekea Muungano wa mwaka 1964. Hatukumbuki kwamba mwezi huohuo Mzee Karume, Rais wa Zanzibar, aliwataka Wamarekani wang'oe mitambo yao Tunguu, Unguja.

Kituo kile kilitokana na makubaliano ya Uingereza na Marekani ya mwaka 1960; Wazanzibari walikuwa bado wanatawaliwa. Vyombo vya Mercury, mradi wa Marekani wa kurusha watu angani, havikuwa na kompyuta ndani. Hesabu zilipigwa Marekani, kwa hiyo vituo vikatapakaa duniani kunasa ishara. Kimoja kilikuwa Kano, Nigeria, kinachofuata Tunguu. Februari 20, 1962, mwanaanga John Glenn alipita anga ya Afrika Mashariki jioni, jua halijazama, akivuta kamba ya mpira ili madaktari waliokuwa ardhini wapime moyo wake.

Mjini Unguja lakini gumzo lilikuwa jingine. Wafuasi wa chama cha ZNP, hasa vijana waliomsikiliza Abdulrahman Babu, waliandamana wakidai hiyo ni kambi ya makombora. Don Petterson, mwanadiplomasia wa Marekani aliyekuwa Zanzibar wakati wa Mapinduzi na baadaye akaandika kitabu juu yake, anashikilia kuwa kituo kilikuwa cha kiraia. Ni kweli, Tunguu hapakuwa na kombora.

Hata hivyo, nani angewalaumu waandamanaji? Glenn alikuwa ofisa wa jeshi. Roketi ya Atlas iliyomrusha ilibuniwa kubeba bomu la nyuklia. Na fedha za jeshi ndizo zilizoharakisha kuvipunguza ukubwa vifaa vya elektroniki, kwanza transista, kisha chipu, maana kila kilo juu ya roketi ni gharama. Syncom 2, satelaiti ya NASA ya mwaka 1963, ilikuwa na takriban kilo 39 ikiwa angani, haifiki nusu gunia la mahindi. Haikupita miaka miwili ikakabidhiwa jeshi, na familia hiyo ya satelaiti ikabeba mawasiliano ya vita vya Vietnam. Juni 1966 jeshi lilirusha satelaiti zake saba za mawasiliano kwa roketi moja. Uraia na ujeshi vilitumia karakana zilezile. Babu hakuota ndoto.

Kilichobaki ni kichekesho cha siasa: ZNP ilipiga kelele, lakini aliyewatoa Wamarekani ni Karume wa chama hasimu cha ASP, baada ya Mapinduzi. NASA ikahamia Madagaska, karibu na Antananarivo, na huko nako kituo kikafungwa mwaka 1975.

Tunguu ya leo inajulikana kwa kampasi ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar. Wanafunzi wa fizikia pale wanastahili kujua kwamba kijiji chao kiliwahi kuzungumza na mtu aliyekuwa angani, na kwamba majirani walikuwa na haki ya kuuliza anazungumza kwa faida ya nani.