Nguo ya Kuazima na Mshono Wake

Reli haijafika Aru, mji wetu wa Kongo karibu na mpaka wa Uganda. Ile ya Vicicongo, yenye upana wa milimita 600 tu, ilitoka Aketi ikikusanya pamba na kahawa, ikafika Mungbere mwaka 1937 na kuishia hapo. Ng'ambo ya mpaka, reli ya Uganda iliukuta Mto Nile pale Pakwach miaka ya 1960, nayo ikasimama. Tumebaki katikati, tukisikia ngoma za majirani wawili. Mtu wa hapa basi anaweza kuzipima reli za wengine bila kuvutia upande wake.

Kipimo changu ni kichwa cha treni cha mvuke chenye tangi. Hakivuti behewa la maji nyuma yake: maji yamo ubavuni mwa boila, makaa mgongoni mwa dereva. Huenda mbele na kurudi kinyumenyume bila kugeuzwa, na uzito wa maji huyapa magurudumu nguvu ya kukamata reli. Hakifiki mbali kabla ya kiu kukirudisha, lakini mgodini au kiwandani hakuna safari ndefu.

Kongo ilivijua vichwa vya jamii hiyo. Reli ya Mayumbe, kutoka Boma hadi Tshela, ililetewa Garratt za kiwanda cha Saint-Léonard, Liège, mwaka 1911: boila katikati, matangi yakibebwa kwenye ncha. Mashine zilitoka Ubelgiji, mazao yakaenda Ubelgiji. Fundi Mkongo alipewa spana ya kukaza. Kuchora na kusubu kulibaki Ulaya.

China nayo iliagiza. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia ilipokea vichwa vya tangi vilivyoundwa kwa ajili ya jeshi la Marekani, ikaviita XK2. Baadaye vya Poland vikaitwa XK13. Lakini historia ya kujiundia ilikuwa imeanza mapema zaidi. Mwaka 1881, kwenye mgodi wa makaa wa Kaiping huko Tangshan, Mwingereza Claude Kinder na mafundi wa pale waliunda kichwa cha treni kwa boila kuukuu na vyuma chakavu. Huko huko Tangshan ndiko vilikotengenezwa vichwa vya SY vya migodi na viwanda, ingawa hivi si vya tangi, hadi mwaka 1999. Kimoja kilinunuliwa na reli ya watalii ya Connecticut, Marekani.

Nguo ya kuazima haisitiri, walisema wahenga. Ila mwazimaji mwerevu huigeuza ndani nje, aone uzi ulivyopita. China ilikuwa na makaa, chuma, na baadaye dola iliyoamua kujenga viwanda vyake. Mkongo wa koloni hakuruhusiwa hata kuigeuza nguo. Kumwita mvivu ni kumwonea.

Leo Aru inajaa pikipiki za Kichina. Chini ya mwembe, fundi amefungua injini na kutandaza vipande vyake juu ya gunia, kimoja kimoja, kwa mpangilio wa kuvirudisha. Mshono uko wazi mbele yake. Swali ni nani atampa chuma na tanuri.