Kuna tofauti kati ya sifuri na ukurasa mtupu

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, kabla jogoo wa jirani amalize kelele zake, mimi niko nyuma ya jikoni ya Magokoro hapa Suneka, nimeinamia ndoo. Magokoro ni nyanya yangu, kwa wale hamjui Kigusii. Ndoo ni ile ya rangi ya lita ishirini. Nimetoboa kifuniko, nikaingiza faneli, juu yake nikafunga balbu ya sola. Ndani nimepanga trei za mayai. Wadudu wakija kwa mwanga wanagonga, wanateleza, wanaingia ndani na kujibanza kwenye vishimo vya trei mpaka kuche. Nahesabu, naandika kwa daftari, kisha nawaachilia chini ya migomba. Kuku washajua ratiba yangu, so lazima niwahi kabla wafunguliwe.

Ninaowahesabu ni nondo. Ukitafuta hilo neno mtandaoni utaletewa bei ya vyuma vya ujenzi. Wabongo nao wakihitimu chuo husema wamekula nondo. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili karo ikiwa imenilemea, sikula nondo yoyote, na sasa ndio hao nawahesabu kwa ndoo. Cheka tu, mimi nishajicheka.

Nondo ni yule mdudu wa oda moja na kipepeo anayezunguka taa yako usiku, mwili mnene, mabawa rangi ya vumbi. Wengi wetu tunamjua kama kero ya sebuleni. Nilipoanza, Machi 2024, nilidhani nimebuni kitu kipya hapa Kenya. Kumbe nimechelewa miaka sitini.

Twende Muguga, nje kidogo ya Nairobi. Miaka ya 1960 hapo ndipo palikuwa na EAAFRO, shirika la utafiti wa kilimo na misitu la Afrika Mashariki nzima: Kenya, Uganda na Tanzania pamoja. Kulikuwa na mtafiti anaitwa E. S. Brown, na shida yake ilikuwa viwavijeshi. Si hawa wa siku hizi, nitawafikia. Nasema wale wa zamani, wa hapa hapa Afrika, jina lao la kisayansi Spodoptera exempta. Wanakula mahindi, mtama, wimbi, mpunga, miwa na nyasi za mifugo. Maharagwe na ndizi hawana habari nazo.

Ubaya wao ulikuwa kushtukiza. Mvua inanyesha baada ya kiangazi, nyasi zinachipua, kila mtu anafurahi. Wiki mbili hivi baadaye unaamka unakuta shamba limejaa viwavi weusi wanatembea kwa wingi kama jeshi, na kesho yake limebaki mabua. Lakini hawakuwa wamekuja jana. Mayai yanaanguliwa kwa siku chache tu, na viwavi wakiwa wadogo huwaoni. Sehemu kubwa ya chakula chao wanakula siku za mwisho, halafu wanaingia udongoni kugeuka. Kwa hivyo ukishawaona ndio wanamaliza. Unakimbilia dawa wakati sahani tayari ni tupu.

Hapo ndipo nondo anaingia kwenye hadithi. Kiwavijeshi ni mtoto wa nondo, na nondo anakuja kwa taa. Ukihesabu nondo wa leo usiku, umewaona viwavi wa wiki ijayo kabla hawajaanguliwa. Brown na wenzake wakatandaza mitego ya taa kwenye vituo mbalimbali vya Afrika Mashariki. Hesabu za kila usiku zikapelekwa Muguga, zikalinganishwa na mvua na upepo.

Mwaka 1969 Brown alichapisha kazi pamoja na Betts na Rainey kuhusu jinsi viwavijeshi wanavyohama kufuata misimu. Huyo Rainey alikuwa ametoka kwa nzige. Yeye ndiye aliyeonyesha kwamba makundi ya nzige husukumwa na upepo kuelekea mahali pepo zinapokutana, na pepo zikikutana ndipo mvua hunyesha. Nondo nao ikawa hadithi ileile. Wanapanda juu usiku, wanabebwa mamia ya kilomita, dhoruba inawakusanya na kuwashusha pamoja. Msimu huanza mara nyingi maeneo ya Tanzania ya kati na kusini mashariki mwa Kenya mwisho wa mwaka, halafu vizazi vinavyofuata vinapanda kaskazini na mvua mpaka Ethiopia. Soma hiyo tena pole pole. Mdudu mwenye uzito wa karibu hakuna anavuka nchi tatu, na mtu aligundua hivyo kwa kuhesabu waliokufa ndani ya chombo chini ya balbu.

Kukawa na tahadhari inayotolewa kila wiki wakati wa msimu. Wiki hii eneo fulani liko hatarini, maafisa wa kilimo wakae macho. Hakukuwa na simu janja wala setilaiti ya kukuonyesha mawingu mkononi. Kulikuwa na taa, daftari, na mtu wa kuamka mapema.

Huyo mtu wa kuamka mapema ndiye ananisumbua. Makala ya 1969 ina majina matatu ya Wazungu. Lakini Brown hangeweza kuwa kwenye kila kituo kila alfajiri. Kuna mtu alimwaga mtego, akatenganisha mamia ya wadudu kwenye meza, akatoa kumbikumbi, akatoa mende, akabaki na nondo, na kati ya nondo akachagua wale wenyewe. Mvua ikinyesha usiku ilikuwa lazima ajue kusoma mabawa yaliyolowa. Huo ni ujuzi, na mimi naujua ugumu wake kwa sababu ulinichukua miezi minne na bado nakosea.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika 1977. Vitabu vya shule vilituambia kuhusu reli na ndege zilizogawanywa, hakuna aliyetuambia kuhusu nondo. EAAFRO ilikufa na Jumuiya. Kenya ikaunda KARI mwaka 1979, ambayo leo ni KALRO. Kazi ya utabiri haikufa siku hiyo. Iliendelea kwa taasisi za kila nchi, na shirika la kupambana na nzige la kanda, DLCO-EA, likabeba upande wa ukanda. Tanzania baadaye ilifanya kitu kizuri zaidi: kuanzia 2001, wilayani Kilosa, wanakijiji wenyewe walipewa mtego na kipima mvua, wakajitabiria bila kungoja barua kutoka mjini. Lakini mdudu asiyejua mpaka alikuwa sasa anahesabiwa na watu wenye mipaka.

Halafu kuna badiliko lingine ambalo halikupiga kelele. Nondo jike huita dume kwa harufu. Miaka ya 1970 wanasayansi walijua kemia ya harufu ya huyu wetu, na harufu ikaweza kutengenezwa. Taratibu mitego ya harufu ikachukua kazi ya mitego ya taa. Fikiria faida yake: haitaki umeme, haitaki betri, na kinachoingia ni madume wa aina moja unayoitafuta. Hakuna kukaa mezani ukichambua. Ningekuwa mimi niliyekuwa nalipwa kuchambua, ningeshangilia. Kwa mkulima pia ulikuwa uamuzi mzuri.

Ila kuna bei. Taa humwita kila mtu. Mtego wa harufu humwita mmoja tu, na ukishaanza kumsikiliza mmoja, wengine wote wanapita juu ya kichwa chako gizani bila kuandikwa.

Mwaka 2016 kiwavi mwingine kutoka bara la Amerika, Spodoptera frugiperda, akagunduliwa Afrika Magharibi. Mwaka 2017 akawa ameingia Kenya. Ndiye tunayemwita kiwavijeshi vamizi. Harufu inayomwita binamu yake haimwiti yeye. Mtego wa zamani uliowekwa kumngoja adui wa zamani haukuwa na la kusema juu yake.

Mimi nilikuwa na miaka kumi na nne. Magokoro ana kipande cha karibu nusu ekari upande wa kuteremkia Riana, mahindi na maharagwe pamoja, kidogo viazi vitamu. Mahindi yalikuwa yamefika kiunoni. Tukaanza kuona majani yana matundu mapana, na pale katikati mhindi unapochipulia kuna uchafu kama unga wa mbao. Jirani akasema ni wale wa kutoboa mabua. Mwingine akasema ni viwavijeshi, watapita, wazazi wetu walikuwa nao. Wote walikuwa wakitumia kumbukumbu nzuri kwa mdudu asiyefaa. Huyu hatembei kama jeshi na hapiti. Anajichimbia ndani ya majani machanga na kukaa humo.

Dawa aliyouziwa kwenye agroveti aliipulizia majani kwa juu, mchana, na kiwavi yuko chini amejifunika kwa kinyesi chake. Pesa ya dawa ilikuwa ya sare yangu. Baadaye tukajifunza kutia jivu na mchanga ndani ya kila mche, mmoja mmoja, nusu ekari nzima, mimi na yeye. Tulivuna magunia mawili mahali tulizoea saba. Sisemi ndoo moja ya taa ingetuokoa. Nasema kwamba katika mtaa wetu wote hakuna mtu aliyekuwa na daftari la kutuambia, huyu ni mgeni, hajawahi kuandikwa hapa.

Sasa linganisha. Uingereza kuna kituo cha Rothamsted, ambapo C. B. Williams aliwasha mtego wa taa mwaka 1933. Mtafiti wa hapo, L. R. Taylor, akaujenga ukawa mtandao wa nchi nzima mwishoni mwa miaka ya 1960, mingi ikishikiliwa na watu wa kujitolea kwenye bustani zao. Ndiyo maana leo Waingereza wanaweza kusema kwa uhakika kwamba kati ya 1968 na 2017 nondo wao wakubwa walipungua kwa takriban asilimia 33. Na Taylor huyohuyo alikuja Kenya. Mwaka 1972 yeye na Brown walichapisha makala kuhusu jinsi aina ya mtego na mwanga zinavyobadilisha idadi ya nondo wanaonaswa kwenye nyanda za juu za Kenya. Yaani tulianza wakati mmoja, na baadhi ya watu walewale! Wao walihesabu nondo kama nondo. Sisi tulihesabiwa adui mmoja, na alipotulia hatukuona sababu ya kuacha taa ikiwaka. Ukiniuliza nondo wa Kisii wameongezeka au wamepungua tangu Magokoro aolewe, hakuna ukurasa wa kufungua. Ninao wangu tu, na unaanza 2024.

Umejaa vitu lakini. Januari kukiwa kikavu ndoo ni nyepesi, usiku mwingine wako kumi tu. Mvua ya Aprili 2024, ile ya mafuriko nchi nzima, ilinijazia kumbikumbi mpaka nikazima balbu. Julai kuna baridi, wanapungua tena, kisha Septemba wanarudi na mvua fupi. Mwezi ukiwa mpevu taa yangu ni kama haipo. Kuna utafiti uliochapishwa 2024 unaosema mdudu havutiwi na taa kama tunavyodhani: anageuzia mgongo mwanga akidhani ni anga, basi anazunguka hapo hajui juu ni wapi. Tangu nisome hiyo siwezi kuwaacha mle ndani jua likitoka.

Ninayemjua vizuri zaidi ni yule mkubwa wa kijivu mwenye michirizi ya waridi tumboni, ambaye kiwavi wake hula majani ya viazi vitamu. Mara mbili nimepata yule mwenye alama ya fuvu mgongoni, ukimshika analia kama panya. Magokoro alitaka nimtoe nje ya boma haraka, hakutaka maelezo.

Na vamizi wapo, kila msimu wa mahindi. Jike anachanganya sana, so mimi nahesabu madume, wana kibaka cheupe kwenye ncha ya bawa la mbele. Wakianza kupanda namba, Magokoro anaingia shambani kuchunguza mche kwa mche kabla ya matundu. Siku hizi hata salamu inangoja. Nikitoka nyuma ya jikoni ananiuliza, "Wangapi?"

Agosti mwaka jana nilipata kazi ya wiki tatu Nairobi, kushuti video za harusi. Nikajua daftari litakuwa na tundu. Hilo ndilo linaua rekodi: siku ambayo hakuna aliyeangalia, ukurasa mtupu ambao baadaye mtu atausoma kama kwamba hakukuwa na kitu. Nilimwachia Magokoro ndoo bila matumaini mengi. Macho yake bado makali lakini kuandika hakufundishwa.

Niliporudi nikakuta vifuniko vya soda vimepangwa kwenye ubao wa dirisha, kimoja kwa kila usiku, kutoka kushoto kwenda kulia. Ndani ya kila kifuniko kuna punje za mahindi, punje moja kwa kila mwenye kibaka cheupe. Nikachukua kalamu nikaanza kunakili. Tatu. Tano. Mbili. Kifuniko cha tisa kilikuwa hakina kitu. Nikamuuliza kama siku hiyo alisahau kuangalia.

Akasema hapana, aliangalia, hakukuja hata mmoja. Ndiyo maana aliweka kifuniko.

Nikaandika sifuri.