Majina Mawili

Wilaya ya Kyerwa ilimegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, lakini nilipozaliwa sote tulikuwa Karagwe moja, nchi ya migomba, kahawa na makanisa. Kijijini kwetu Waislamu tulikuwa kaya chache. Baba alitaka nisome, na shule ya karibu ilikuwa ya misheni. Siku ya kuandikishwa mwalimu alilikataa jina langu akanipa jingine. Baba hakusema neno. Tangu hapo nikawa na majina mawili, la darasani na la nyumbani.

Msomaji ataliona jambo dogo. Mimi nilijifunza kusali moyoni na kuchekea mizaha iliyoniuma. Usiku nilikaa macho, nikiogopa kuitwa jina la nyumbani mbele ya wenzangu. Baba naye alizoea kukaa peke yake nyuma ya nyumba kila jioni, haongei. Leo daktari angeipa hali ile jina; sisi tulisema mzee amechoka. Kwetu mwanamume haulizwi usingizi wake.

Mwaka 1969 Serikali ilipotwaa shule za madhehebu, wadogo zangu waliandikishwa kwa majina yao. Baba alifurahi, ila ukimya haukumtoka.

Nilikuwa chuo cha ualimu nilipokutana na habari za Kafuro. Speke alipofika kwa Mukama Rumanyika mwaka 1861, Waarabu na watu wa pwani walikwisha kuweka kituo pale, karibu na kikale cha Bweranyange, wakinunua pembe za ndovu. Mwaka 1876 Stanley alimkuta huko Hamed Ibrahim, mkazi wa miaka mingi. Misheni zilikuwa bado. Siwapambi wafanyabiashara hao, maana walimiliki watumwa. Lakini nilijua sasa kwamba dini ya baba haikuingia Karagwe jana.

Likizo nikamsimulia. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza, "Kumbe walisali hapahapa?" Kisha, kwa mara ya kwanza, akanieleza alivyolia njiani siku ile ya kuandikishwa. Nami nikamweleza juu ya kukesha kwangu. Tulizungumza mpaka taa ikaisha mafuta.

Historia haikumponya baba, ilimfungua mdomo. Nilipokuwa mwalimu mkuu, kila Januari niliuliza kwanza mtoto anaitwaje nyumbani, ndipo nikaandika. Kisha nilimgeukia baba yake, awe wa dini yoyote, nikamuuliza, "Nawe mzee, unalala?"