Simu Iliyopigwa Akron

Leo twajifunza historia ya jambo linalogusa nyumba nyingi, ingawa halisemwi hadharani.

Jioni moja baada ya somo, wenzake walipokwisha kuondoka, mzee mmoja aliniuliza kwa sauti ya chini: "Mwalimu, mtu aliyeshindwa na pombe akitaka kuiacha, aende wapi?" Ili kumjibu, nilimsimulia habari hii.

Nchini Marekani, tangu mwaka 1920 hata 1933, sheria ilikataza kutengeneza na kuuza pombe. Lakini pombe iliuzwa kwa siri, na walevi hawakwisha. Madaktari nao waliweza kumlaza mlevi na kumrudishia nguvu. Akitoka hospitali, mara nyingi alirudi kwenye chupa.

Katika mji wa New York alikuwako Bwana Bill Wilson, mfanya biashara ya hisa. Pombe ilimpotezea kazi na fedha. Mwezi wa Desemba 1934 alilazwa hospitali, akaacha kunywa. Alipotoka, alianza kuwahubiria walevi wengine. Kwa miezi mitano hakuna hata mmoja aliyeacha, ila yeye mwenyewe hakunywa. Daktari wake, William Silkworth, akamshauri apunguze mahubiri, awaeleze kwanza ugonjwa wenyewe ulivyo.

Mwezi wa Mei 1935 Bwana Wilson alisafiri kwa shughuli zake mpaka Akron, mji wa jimbo la Ohio uliojulikana kwa viwanda vya matairi. Shughuli hizo zikaharibika. Akabaki peke yake katika hoteli ya Mayflower, na fedha kidogo mfukoni. Upande mmoja wa ukumbi palikuwa na baa, watu wanacheka. Upande wa pili palikuwa na simu na orodha ya makanisa ya mji. Akaogopa. Akakumbuka kwamba kila alipozungumza na mlevi mwenzake, kiu yake ilitulia. Basi akashika simu.

Hakuomba fedha. Aliomba aonyeshwe mlevi mwingine wa kuzungumza naye. Mchungaji Walter Tunks akampa majina ya watu wa kuwauliza, na kwa njia hiyo akampata Bibi Henrietta Seiberling. Bibi huyo alimfahamu daktari mpasuaji, Robert Smith, ambaye pombe ilikuwa karibu kumharibia kazi yake.

Kesho yake, Jumapili tarehe 12 Mei, saa kumi na moja jioni, watu hao wawili walikutana nyumbani kwa Bibi Seiberling. Daktari Smith alikuja shingo upande, akasema atakaa dakika kumi na tano tu. Alikwisha choka kuonywa. Lakini mgeni huyu hakumwonya. Alisimulia aibu zake mwenyewe. Waliachana baada ya saa tano usiku. Wahenga walisema, adhabu ya kaburi aijua maiti.

Daktari hakupona siku ile. Alirudia pombe, kisha akanywa kwa mara ya mwisho tarehe 10 Juni 1935. Siku hiyo ndiyo ihesabiwayo kuwa mwanzo wa chama cha Alcoholics Anonymous, yaani walevi wasiotajwa majina. Baadaye wawili hao walikwenda hospitali, wakaketi kando ya kitanda cha mlevi wa tatu, wakili mmoja. Naye akaacha. Mwaka 1941, habari zao zilipotolewa katika gazeti la Saturday Evening Post, wanachama walitoka 2,000 hivi wakafika 8,000 hivi kabla ya mwaka kwisha. Leo chama hicho kina mikutano katika nchi nyingi, Kenya na Tanzania zikiwamo.

Mkutano wenyewe hauna mambo makubwa. Watu huketi pamoja. Mtu hutaja jina lake la kwanza tu, akasimulia yaliyompata. Hakuna ada. Sharti ni moja: nia ya kuacha kunywa. Jamaa za walevi nao wana shirika lao, Al-Anon, lililoanzishwa mwaka 1951.

Basi nilimwambia mzee: mtu huyo aulize hospitalini, kanisani, msikitini, au kwa mtu aliyekwisha acha. Aulize mkutano uko wapi, siku gani, saa ngapi. Akikosa mlango wa kwanza, abishe wa pili. Lakini anywaye sana kila siku asiache ghafula kabla ya kumwona daktari, kwani mwili waweza kutetemeka, hata kushikwa na kifafa.

Mzee akafikiri, akauliza: "Na kama hapa kwetu hakuna mkutano?"

Nikamjibu: "Hata Akron haukuwako. Walianza wawili."

Maswali ya kuzungumza darasani:
1. Kwa nini sheria ya mwaka 1920 haikuwaponya walevi?
2. Bwana Wilson aliomba nini katika simu, na kwa sababu gani?
3. Katika mji au kijiji chenu, mtu atakaye kuacha pombe aweza kumwuliza nani?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.